Intaneti ya biashara: wengi wanalipia upana, tatizo ni umbali na foleni

Mfanyabiashara anayeona ukurasa wa benki yake ukifunguka kwa kusuasua, au bei ya dola ikibadilika kabla oda yake haijapokelewa, kwa kawaida hufanya jambo moja. Hupiga simu kwa kampuni ya intaneti na kuomba kifurushi kikubwa zaidi. Kutoka megabiti 10 anakwenda 20, kutoka 20 anakwenda 50. Bili ya mwezi inapanda, na ukurasa unaendelea kusuasua vilevile.

Wiki hii safu hii inaweka kando bei za mazao na hisa ili kuitazama gharama hiyo, kwa sababu imekwishaingia katika hesabu za maduka, ofisi za uwakala na wawekezaji wanaofanyia kazi nyumbani, na sehemu yake kubwa hailipi. Vitu viwili tofauti vinauzwa kwa jina moja la "kasi". Cha kwanza ni upana wa njia, yaani kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja. Huo ndio unaopimwa kwa megabiti na kuandikwa kwenye mabango. Cha pili ni uchelewaji, yaani muda ambao ujumbe mmoja mdogo unatumia kufika kwenye seva na jibu lake kurudi. Huu hupimwa kwa milisekunde, sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mabango hayautaji.

Chukua barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Sehemu ya Kimara hadi Kibaha ilipopanuliwa kuwa njia nane, magari mengi zaidi yaliweza kupita kwa pamoja, lakini Tunduma haikusogea hata hatua moja. Ni zaidi ya kilomita 900 na lori litazitembea zote. Mwenye mzigo wa malori 100 anafaidika na barabara pana. Mwenye barua moja anataka kujua mambo mawili tu: ni mbali kiasi gani, na foleni ya mizani na ya mpakani ikoje. Oda ya kununua hisa, uthibitisho wa malipo na namba ya siri ya akaunti ni barua. Mzigo wa malori ni filamu.

HESABU YA UMBALI

Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, ambayo ni theluthi mbili hivi ya kasi yake angani. Kutokana na hapo ipo kanuni rahisi ya kuweka kichwani: kila kilomita 100 za mkongo ni milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Mkongo wa kilomita 10,000 kutoka pwani yetu hadi Ulaya utakula milisekunde 100 hata kama mitambo yote njiani ingekuwa kamilifu na hakuna mtu mwingine anayeutumia. Hakuna kampuni inayoweza kukuuzia chini ya hapo kwa njia hiyo, iwe kwa bei gani.

Milisekunde 100 zinaonekana ndogo mpaka uhesabu ni safari ngapi. Kufungua ukurasa wa benki huanza kwa kuuliza anwani ya seva, ambayo ni safari moja. Kusalimiana na seva ni safari nyingine. Kukubaliana namna ya kuficha siri ni safari moja au mbili, kutegemea programu ni mpya au ya zamani. Ndipo ombi lenyewe linatumwa. Mara nyingi ni safari nne au tano kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Kwa uchelewaji wa milisekunde 150, safari tano ni robo tatu ya sekunde. Kwa uchelewaji wa milisekunde 10, ni milisekunde 50 ambazo jicho halizioni. Ongeza upana hadi megabiti 500 ukipenda, hesabu hiyo itabaki palepale.

Waliotumia intaneti ya hapa kwetu kabla ya 2009 wanaijua hali mbaya zaidi. Wakati huo mawasiliano ya nje yalipita kwenye setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe kupanda na kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde kwa mwendo wa mwanga peke yake. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, TEAMS wa Mombasa ukafuata mwaka huohuo, na EASSy ukaja 2010. Gazeti hili na mengine yaliandika sana juu ya upana ulioongezeka. Kwa mtu wa oda na malipo, kilichobadilisha kazi ni kwamba safari ilifupishwa.

(Pwani hii ilikwishaonja jambo la namna hiyo. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban, na habari za bei zikaacha kusubiri meli.)

NJIA YA RAMANI NA NJIA YA UJUMBE

Umbali unaohesabiwa hapa ni ule ambao ujumbe unautembea kweli, na huo unaweza kuwa wa ajabu. Kwa miaka mingi barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani yake ilipita Ulaya au Marekani, kwa kuwa ofisi hizo mbili zilikuwa wateja wa kampuni tofauti na kampuni hizo hazikuwa na mahali pa kukutana nyumbani. Mwishoni mwa 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua kituo cha pamoja, KIXP, ili mawasiliano ya ndani yabaki ndani. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ililalamika, na mdhibiti akakifunga kituo kikiwa bado kichanga. Kilifunguliwa tena kwa leseni Februari 2002.

Kwa mujibu wa taarifa ya Internet Society ya mwaka 2012, kituo hicho kilishusha uchelewaji wa mawasiliano ya ndani ya Kenya kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Hakuna mkongo mpya uliotandazwa baharini kuleta nafuu hiyo. Zilihitajika swichi, chumba, na makubaliano baina ya washindani. Dar es Salaam nayo ina kituo chake, TIX. Swali la kwanza la kumwuliza anayekuuzia intaneti, kwa hiyo, ni kama kampuni yake imeunganishwa kwenye kituo cha nchini na kwa kiasi gani. Wengi wa mawakala wa mauzo hawajazoea kuulizwa hivyo. Waulize tu.

Safaricom nayo iliona hesabu hiyo. M-Pesa ya Kenya, iliyoanza 2007, iliendeshwa kwa miaka kadhaa na seva zilizokuwa Ulaya, za mwisho zikiwa Ujerumani, hata kwa malipo ya mtu aliyesimama mbele ya wakala wake mtaani. Aprili 2015 mitambo ilihamishiwa Kenya. Starlink, ambayo setilaiti zake huruka chini sana, takriban kilomita 550, ilianza kuuza huduma Kenya mwaka 2023, lakini mawasiliano ya wateja wake yaliendelea kuingia kwenye intaneti kupitia vituo vya nje ya nchi hadi kampuni ilipoweka kituo Nairobi Januari 2025. Setilaiti ilikuwa karibu, lango lilikuwa mbali.

Mwenye duka hawezi kuhamisha mitambo ya M-Pesa, lakini anaweza kuchagua mahali programu yake ya hesabu na ya stoo inapokaa. Nyingi ya programu hizi za kukodi kwa mwezi zimewekwa Ireland, Ujerumani au Marekani kwa sababu tu aliyeziweka hakuulizwa. Microsoft ilifungua vituo vyake vya Afrika Kusini mwaka 2019 na Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na baadhi ya wauzaji wa programu watakuhamishia huko ukiomba. Kama seva iko Nairobi au Dar es Salaam kwenyewe, ni bora zaidi.

FOLENI ILIYO NDANI YA DUKA LAKO

Sehemu inayofuata ndiyo ambayo mfanyabiashara anaweza kuirekebisha mwenyewe, na kwa maoni ya safu hii ndiyo inayopoteza fedha nyingi zaidi za wasomaji wetu.

Kifaa cha intaneti kilichopo dukani kina kumbukumbu ndogo ambamo data hukaa kusubiri zamu ya kutoka. Kama simu ya kijana wa kaunta inapandisha video, au kompyuta ya ofisini inatuma nakala za mafaili kwenda kwenye hifadhi ya mbali, kumbukumbu hiyo hujaa. Uthibitisho wa malipo unaofika wakati huo unakaa nyuma ya video, kama baiskeli nyuma ya msafara wa malori. Uchelewaji uliokuwa milisekunde 20 asubuhi unaweza kufika mamia kadhaa, na wakati mwingine kupita sekunde nzima, huku kipimo cha megabiti kikionyesha kuwa mkataba umetimizwa. Watengenezaji walidhani wanamfadhili mteja kwa kumwekea kumbukumbu kubwa. Matokeo yake ni foleni ndefu.

Kupima hakugharimu kitu. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika neno ping, acha nafasi, andika jina la tovuti unayoitumia kikazi, acha nafasi tena, kisha andika -n 50. Utapata majibu 50 na muda wa kila moja. (Seva nyingi za benki zimefungwa makusudi zisijibu amri hii, chagua nyingine iliyo nchi hiyohiyo.) Fanya hivyo mara ya kwanza asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Fanya mara ya pili huku simu moja ikipandisha video kubwa kwa makusudi. Andika namba zote mbili kwenye daftari.

Kama namba ya asubuhi ni kubwa na haiyumbi, shida yako ni umbali, na kifurushi kikubwa hakitakusaidia. Amri ya tracert itakuonyesha ujumbe unapita wapi; ukiona unapita London ili kufika seva iliyo mjini kwako, una la kumwambia mtoa huduma. Kama namba ya asubuhi ni ndogo na ya video ni kubwa mno, shida ni foleni ya kifaa chako. Kama namba zinarukaruka hata pasipo na mtu anayetumia, 15, kisha 90, kisha 22, mtuhumiwa wa kwanza ni waifai, hasa kwenye majengo ya maduka ambako kila chumba kina kifaa chake na vyote vinapigania masafa yaleyale. Vuta waya kutoka kwenye kifaa hadi kwenye kompyuta ya malipo, kisha pima tena.

Dawa ya foleni ilielezwa mwaka 2012 na Kathleen Nichols na Van Jacobson wa Marekani. Badala ya kifaa kutazama data ngapi zimejaa, kinatazama zimesubiri kwa muda gani, na zikizidi kusubiri kinaanza kutupa baadhi ili mtumaji apunguze mwendo. Ruta zenye uwezo huu huandikwa fq_codel au SQM kwenye maelezo yake. Baada ya kuiwasha, weka kikomo cha kupakia na kupakua kwenye asilimia 85 hadi 90 hivi ya kile unachopata kweli, ili foleni ikae kwenye ruta yako inayojua kuipanga, isikae kwenye mtambo wa kampuni usioujua. Ndiyo, unapunguza megabiti ulizozilipia, na mteja mwenye hesabu za haraka atasita. Kwa duka la malipo na oda, ni biashara nzuri. Na kama ruta mpya haipo kwenye bajeti ya mwezi huu, panga nakala za mafaili zitumwe usiku. Hilo ni bure.

Kwa haki ya kampuni za intaneti, ofisi yenye watu 15 kwenye megabiti 5 inahitaji upana kweli, na foleni yake itapungua ikiongezewa. Kosa ni kununua kabla ya kupima.

WACHEZAJI WA FEDHA ZA KIGENI

Wasomaji wanaofanya biashara ya sarafu kwa simu na kompyuta ndio wanaouziwa maneno mengi zaidi kuhusu milisekunde. Madalali wengi wa biashara hii wana seva zao katika majengo ya jirani na London au New York. Oda kutoka Nairobi au Dar es Salaam inatembea njia tuliyoihesabu hapo juu, na ndani ya muda huo bei inaweza kusogea. Ndiyo sababu baadhi hukodi seva ndogo London, karibu na ya dalali, na kuiacha iendeshe programu saa zote.

Je, inalipa? Inategemea nani anabonyeza. Kama ni roboti inayoamua yenyewe, iko hapohapo kwa dalali na uchelewaji wake unashuka hadi milisekunde chache. Pia haitegemei umeme wa nyumbani kwako, jambo ambalo kwa wengi lina uzito kuliko milisekunde. Kama ni wewe unayetazama chati na kubonyeza, kidole chako bado kiko Afrika Mashariki, na jicho na kidole peke yake hutumia muda mrefu kuliko safari ya kwenda London.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalijui. Amri ya kawaida ya kukata hasara hukaa kwenye seva ya dalali na itafanya kazi hata kompyuta yako ikizimwa. Amri ya kukata hasara inayofuata bei, kwenye programu za MetaTrader, huendeshwa na kompyuta yako mwenyewe. Umeme ukikatika au mtandao ukisita, inaacha kufuata na kubaki pale ilipofika mara ya mwisho. Kwa anayeitegemea amri hiyo, seva ya kukodi ina sababu.

Kuhusu bei kuteleza wakati wa habari kubwa, mathalan takwimu za ajira za Marekani ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi saa 9:30 alasiri au saa 10:30 jioni kwa saa zetu, kutegemea majira yao, hakuna kifurushi kitakachokuokoa. Wanaokutangulia wako jengo moja na soko. Aidha, mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza mwaka 2018 kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wadogo wa mikataba ya aina hii hupoteza fedha. Wateja hao walikuwa Ulaya, karibu na seva.

CHICAGO NA NEW YORK: MILISEKUNDE TATU KWA DOLA MILIONI 300

Mwekezaji anayefikiria kuweka fedha katika kampuni za mawasiliano aitazame kampuni ya Spread Networks ya Marekani. Mwaka 2010 ilikamilisha mkongo ulionyooka kati ya Chicago na eneo la New York, urefu wa maili 825, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 300. Ulipasuliwa miamba ili kuondoa kona. Safari ya kwenda na kurudi ilishuka kutoka milisekunde 16 hivi hadi 13, na makampuni ya biashara ya kompyuta yalilipa sana kuupata, kwa kuwa bei ikisogea Chicago, wa kwanza kufika New York anachukua faida.

Ndani ya miaka michache wengine walijenga minara ya mawimbi ya redio kwenye njia hiyohiyo. Hewani mwanga hauzuiliwi na kioo, na safari ikashuka hadi karibu milisekunde 9. Mwaka 2017 Zayo ilitangaza kuinunua Spread kwa dola milioni 127. Mkongo haukuharibika na bado ulipitisha data nyingi kuliko minara. Bei yake ilikuwa imesimama juu ya kuwa wa kwanza, na ukawa wa pili.

Soko la IEX la New York lilikwenda kinyume. Liliweka kwa makusudi maili 38 za nyuzi zilizoviringishwa ndani ya sanduku ili kila oda ichelewe mikrosekunde 350, wenye haraka wasiwawahi wengine. Mamlaka ya hisa ya Marekani ililiruhusu kuwa soko kamili Juni 2016.

Kwa mwenye hisa za Dar es Salaam au Nairobi, mbio hizo hazimhusu. Nairobi ilihamia kwenye kompyuta mwaka 2006, na katika masoko ya namna hii oda hupangwa kwanza kwa bei, kisha kwa muda wa kufika. Anayenunua hisa ili azishike kwa miaka atafaidika zaidi kwa kupanga vizuri bei anayoitaka kuliko kwa kuwahi milisekunde 100.

Kinachomhusu ni mikongo yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ilikatika pamoja karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Februari mwaka huohuo mikongo mitatu ilikatika Bahari ya Shamu. Septemba 2025 mingine ilikatika karibu na Jeddah, na Microsoft ikawatangazia wateja wake kuwa huduma ipo lakini uchelewaji umeongezeka, kwa kuwa data ilikuwa inazungushwa njia ndefu.

Kwa mkutano mkuu ujao wa kampuni ya simu unayomiliki hisa zake, uliza ina uwezo kwenye mikongo mingapi, mingapi kati ya hiyo inapita Bahari ya Shamu na mingapi inapita kusini, na kama uwezo wa akiba umelipiwa tayari au unatafutwa siku mkongo unapokatika. Majibu ya maswali hayo yanaonekana baadaye kwenye mapato, katika robo ya mwaka ambayo nanga ya meli imefanya kazi yake.